Nafasi ya Tatu, Mti wa Kushoto

Montesparto, 14 Oktoba 1957

Mdogo wangu Gesualdo,

Nakusalimu, ingawa salamu hii itakuwa imechacha ikikufikia, maana posta yetu inapumzika kila kituo. Mimi ni mzima. Kuku ni wazima. Shangazi Immacolata alikufa Agosti, na watu wa kanisa la Vito wakamzika kwa kengele kumi na mbili, nyingi mno kwa mwanamke aliyekuwa akiiba mishumaa. Lozi zimevunwa, kidogo. Bomba la maji bado. Meya amesema mwakani, na huu ni mwaka wa kumi na moja anasema mwakani.

Salamu umezipata, sasa nakuja kwenye neno lenyewe. Jumapili Liborio Tantillo alinisimamisha mbele ya bucha lake, aproni imejaa damu, akaniuliza kwa ile sauti laini anayomwekea mke wa daktari, "Agrippina, hivi mdogo wako yuko hai?" Nikamwambia yuko hai kuliko nyama yako. Akacheka, akasema, "Basi mwambie Pasaka ijayo ndiyo ya tatu."

Unajua anachokitaka. Tangu Baba afe, nafasi ya tatu kwenye mti wa kushoto wa machela ya kubebea sanamu ya Kristo Mfufuka iko wazi. Pasaka mbili zimepita pana pengo pale kama la jino. Ya tatu ikifika bila mtu wa ukoo wa Burgio, nafasi inamwendea anayesimama nyuma yake, na anayesimama nyuma yake ni Liborio, kama babu yake alivyosimama nyuma ya babu yetu. Miaka mia mbili na kumi akina Tantillo wamevitazama visogo vyetu. Sasa wamechoka.

Mimi halinihusu. Mimi ni wa Annunziata kama Mama, wewe ni wa Vito kama Baba. Ndivyo wanavyogawana watoto katika mji huu wa wendawazimu, wavulana kanisa la baba na wasichana kanisa la mama, na mimi namshukuru Mungu kwa kuniweka upande wenye akili. Kristo wenu akibebwa na wachinjaji watupu nitalala vizuri. Lakini Baba siku yake ya mwisho hakuuliza habari za roho yake wala za shamba. Aliuliza, "Gesualdo atakuja kushika mti?" Nikamjibu atakuja. Sijawahi kumdanganya mtu anayekata roho, na sitaki kuanza kwa ajili yako.

Pasaka ni tarehe sita Aprili. Omba ruhusa mapema.

Jambo jingine. Barua yako ya Juni, ya kwanza baada ya miezi minane ya kimya, ilikuja na mwandiko wa ajabu, herufi zimelaliana kama walevi. Hiyo ndiyo elimu mnayopewa huko Torino?

Dada yako,
Agrippina


Torino, 3 Desemba 1957

Dada Agrippina,

Barua yako nimeipata. Mimi nipo. Ukungu uliingia Oktoba na haujatoka, na wenyeji wanauona ni jambo la kujivunia. Kwenye milango ya nyumba za kupanga wanabandika karatasi kwamba watu wa Kusini hawapangishwi, kisha Jumapili wanakwenda kanisani kusikiliza habari za Yosefu na Maria kukosa chumba. Kiwandani wamenihamisha. Sasa nakaa langoni, nafungua na kufunga. Ni kazi nyepesi, na sina zaidi la kusema juu yake. Pole kwa Shangazi. Mishumaa ile hata mimi nilimsaidia kuibeba.

Langoni ninaye mwenzangu, mtu wa Friuli, mpole. Nilimweleza habari za mji wetu akadhani namtania. "Makanisa tisa kwa watu elfu tatu?" akauliza. Nikamwambia tisa, na chemchemi moja. "Na mawili yote yanajiita Kanisa Mama?" Nikamweleza kwamba tetemeko la mwaka 1693 liliyaangusha yote mawili siku moja, na kwamba babu zetu, kabla hawajamaliza kuzika maiti, walipanda nyumbu kwenda Palermo kushtakiana ni lipi lililoanguka likiwa ndilo kubwa. Kesi ilikwenda miaka mia moja na kumi na miwili. Wenu walijenga mnara ili wawe juu kuliko sisi tulioko juu. Wetu wakajibu kwa ngazi sabini na saba, ili mtu afike mbele ya Mungu hana pumzi ya kuomba kitu. Wenu wakaanza kupiga kengele ya adhuhuri dakika tano mapema ili adhuhuri iwe yao, wetu wakawatangulia kwa kumi, mpaka ikafika mahali Montesparto adhuhuri inalia saa tano na ishirini, na askofu akalazimika kutuma padri mwenye saa.

Mwenzangu akacheka mpaka akakaa chini. "Sasa nani alishinda kesi?" Nikamwambia mawakili wa Palermo. Nyumba zao bado zimesimama na ni nzuri sana.

Sikumweleza habari za Pasaka, niliona haya. Ningemwambiaje kwamba mwaka 1934 Bikira alikutana na Mwanawe saa kumi alasiri badala ya saa sita, kwa sababu anayetangulia uwanjani ni mtumishi na anayefuata ni bwana, basi kila parokia ikajibanza kwenye kona yake na sanamu yake begani, ikisubiri mwenzake atokeze kwanza? Mama wa Mungu yuko nyuma ya duka la mikate, Mwana wa Mungu yuko nyuma ya kinyozi, saa nne nzima. Watu wazima walizimia kwa njaa. Hayo ndiyo unayotaka nisafiri siku mbili kwa treni nije kuyabeba.

Mpe Liborio. Nyama yake mbaya lakini mabega anayo.

Kuhusu mwandiko, wako je? Zamani ulikuwa unabana habari za mji mzima kwenye karatasi moja, na pembeni unaongeza matusi. Sasa herufi zako ni kubwa kama za tangazo la mnada. Nimehesabu mistari tisa kwa ukurasa. Umerithi duka la karatasi?

Gesualdo


Montesparto, 10 Januari 1958

Mdogo wangu mwenye hekima za langoni,

Mwaka mpya umeingia bila wewe, kama ule mwingine. Theluji ilianguka siku mbili. Padri wetu, Kanoni Spitaleri, aliteleza mbele ya kanisa letu akakaa chini kwa heshima zote, na watu wa Vito wakapiga kengele. Masista wamebaki watatu katika monasteri nzima. Wanatengeneza peremende za lozi na hawasemeshani. Kesho ni kumi na moja, siku ya tetemeko, na makanisa yote mawili yatapiga kengele kwa dakika ileile. Ni mara moja tu kwa mwaka tunapokubaliana, kwamba tulikufa sawasawa.

Umemchekesha Mfriuli wako. Vizuri. Lakini umemsimulia historia kama mtu aliyesoma kibao ukutani. Hukumwambia kwamba wanawake walifukua Annunziata kwa kucha siku sita, wakamkuta Bikira mzima chini ya madhabahu, nguo zimemchanika zote. Hakukuwa na kitambaa kilichobaki mjini ila cha sanda. Mwanamke wa ukoo wa Mama alikitia rangi nyeusi kwa maganda ya komamanga na masizi akamshonea joho. Ndiyo maana mpaka leo anayemvika ni mwanamke wa ukoo huo, na leo ndiye mimi, na baada yangu hakuna. Cheka na hilo pia.

Wewe, kama wanaume wote wa Vito, unadhani joho linaanguka lenyewe Bikira anapokutana na Mwanawe. Ni bandi thelathini na tatu, mishono mirefu ya kushikiza tu, mabegani, uzi mmoja, hauna fundo hata moja. Mtunza kanisa anavuta ncha mara moja, weusi unaanguka, samawati ya gauni la ndani inaonekana, watu wanalia, mwaka unakuwa wa ngano nyingi. Ukikwama, kila mvua ya mawe ni kosa la mshonaji. Bibi Orsola alikwamisha mwaka 1911. Tangu siku ile mpaka anakufa aliingia kanisani kwa mlango wa nyuma, wa sakristia, na watoto walikuwa wanamrushia nyuzi. Mimi nimelishona mara ishirini na nane na halijaniaibisha.

Herufi ni kubwa kwa sababu ya kalamu mpya, na kwa sababu namwandikia mtu mzito wa kuelewa. Mke wa daktari amekuja kunishauri nimfundishe binti yake zile bandi, "kwa kuwa umri unakwenda." Nikamjibu unaokwenda ni wake, wangu umekaa hapa nami tunakunywa kahawa.

Sasa sema sababu ya kweli. Una mwanamke? Umekuwa mkomunisti? Huna viatu? Chochote nitakivumilia, isipokuwa falsafa. Nafasi ile si ya kukutaka ufikiri. Unaushika mti, Kristo anatoka, anakutana na Mama yake, anarudi. Sharti ni moja, na hata mtoto mdogo analijua. Akiachia mti kabla Kristo hajarudi mlangoni kwake, mwenye nafasi hana nafasi tena, yeye na watoto wake. Kazi ya saa mbili. Baba aliifanya akiwa na homa ya malaria.

Agrippina


Torino, 16 Februari 1958

Dada,

Mimi mzima, ukungu mzima. Hapa hakuna habari.

Siji. Sina mwanamke, viatu ninavyo, na wakomunisti wamenikataa kwa kuwa sikai hadi mwisho wa mikutano. Siji kwa kuwa sitaki. Nilimtazama Baba miaka thelathini akirudi kutoka shambani amepinda kama ndoano, asiyeweza kuinua kikombe, na siku ya Pasaka ananyooka ghafla ili abebe mbao iliyopakwa dhahabu. Bega lake lilikuwa na nundu ya mti ule. Alijivunia nundu ile kuliko alivyojivunia wewe au mimi. Umeniambia mwenyewe kwamba alikufa akiuliza habari za mti. Hakuuliza kama nakula.

Mwambie Liborio nafasi ni yake. Mwambie pia ajifunze kupunguza mafuta kwenye soseji.

Na kama unachoka kuniandikia, acha. Ukurasa wa pili wa barua yako una mistari iliyopanda juu ya mistari mingine, maneno manne sikuyasoma kabisa. Kama ni divai, weka maji.

Gesualdo


Montesparto, 9 Machi 1958

Gesualdo,

Salamu ziko kwenye barua za nyuma, zirudie huko.

Liborio ameniletea kitambaa nimshonee shati jeupe la Pasaka, la kubebea kwenye nafasi ya baba yetu. Ujasiri huo sijui anautoa wapi. Nikamwambia nina kazi nyingi. Akaniambia, "Dada, hivyo ndivyo unavyowaambia wote wanaokuletea nguo tangu kiangazi." Akakikunja kitambaa chake akaenda. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Bega la Baba nililikanda mimi kwa mafuta ya zeituni miaka yote uliyokuwa unalitazama. Nundu ile hunifundishi wewe.

Sikuombi tena. Alhamisi Kuu, kama desturi, watu wa Vito na wa Annunziata tutaacha kusalimiana mpaka joho lianguke, hata walio nyumba moja. Mimi na wewe tumeanza mapema mwaka huu, hiyo tu ndiyo tofauti. Jumapili nitasimama uwanjani upande wangu. Kristo wenu atatokeza na mchinjaji wake kwenye nafasi ya tatu, na mimi sitageuza shingo. Kama huji, basi mimi


Torino, 22 Aprili 1958

Dada Agrippina,

Treni ilichelewa saa tano, nimefika mzima. Mwenzangu wa Friuli alinifungulia lango akaniuliza, "Haya, nani alitangulia?" Jibini uliyonifungia nimemgawia. Anasema inanuka kama mtakatifu wa kale, akala yote.

Siku mbili nilizokaa nyumbani baada ya Pasaka tulikula mwanakondoo, tukawasema watu wa mji mzima mmoja baada ya mwingine, na walipokwisha tukaanza upya. Ulinigusa mkono wa kulia mara moja ukaurudisha kwenye meza kama sahani. Nami nilikuona ukimimina kahawa ukiwa umetia kidole ndani ya kikombe ili ujue imefika wapi. Kwenye basi ndipo uliposema, umegeuka upande wa dereva, "Niandikie ulichokiona, maana mimi sikukiona." Katika siku zote hizo hilo ndilo pekee ulilosema lisilo na nyongo. Basi nakuandikia.

Mashine ililichukua bega langu Novemba mwaka 1956. Mkono haujakatika, unaning'inia tu. Nilinyamaza miezi minane kwa kuwa sikuwa na mkono wa kuandikia, na nilipoufundisha wa kushoto niliona haya. Mwanaume wa ukoo wa Burgio bila bega la kulia, angekuja kufanya nini chini ya mti wa kushoto, unaokaa kwenye bega hilohilo? Nilikuandikia falsafa.

Barua yako ya Machi ilinifikia sentensi ya mwisho haijakwisha. "Kama huji, basi mimi." Nikadhani umekasirika ukaacha. Kisha nikaona wino umefika ukingo wa karatasi na herufi ya mwisho imekatwa katikati. Uliendelea kuandika kwenye meza, dada. Ulimaliza barua yako kwenye mbao ya meza, ukakunja karatasi ukaituma. Nikatoa barua zako zote nikazipanga. Mistari tisa, mistari saba, mistari iliyopandana, na mimi nikakwambia uweke maji kwenye divai. Siku ile ndiyo niliyoomba ruhusa.

Nilifika Jumamosi, na kwa desturi sikuja nyumbani. Nilipanda zile ngazi sabini na saba, na pumzi ikaniishia palepale walipokusudia babu zetu. Asubuhi Liborio alinikuta nimesimama kando ya machela.

"Umekuja," akasema. "Mkono uko wapi?"

"Umo ndani ya koti."

"Unafanya kazi?"

"Haufanyi."

Akatazama dari, akamtukana mtakatifu mmoja ambaye si wa parokia yetu. "Sikiliza, Burgio. Nafasi ya mzembe naichukua kwa furaha. Nafasi ya kilema siichukui, watu watanisema mpaka nizikwe. Simama mahali pako, gusa mti kwa huo wa kushoto, uzito niachie mimi. Na ukimwambia mtu nakuchuna."

Akabeba uzito wa watu wawili. Tulikaa nyuma ya kinyozi dakika arobaini tukisubiri nyinyi mtangulie, kwa kuwa mji huu haujifunzi kitu, na muda wote nilimsikia akihema kisogoni kwangu na kunilaani kwa majina ya viungo vya ng'ombe. Mwishowe mvua ikaanza kudondoka na pande zote mbili zikatokeza kwa pamoja kwa kuogopea dhahabu.

Kristo akainama mara tatu. Mtunza kanisa wenu akavuta uzi, joho halikuanguka. Akavuta tena. Nikaona begani mwa Bikira samawati inavutika pamoja na weusi. Ulikuwa umeshona joho mpaka kwenye gauni, bandi tatu au nne, zikaishia kwenye fundo. Mke wa daktari alitabasamu, naye nilimwona. Wewe ulikuwa umesimama mstari wa mbele umeinua uso, unangoja watu walie kama miaka yote, na hawakulia. Niliuona uso wako ulipoanza kuelewa. Nilimkumbuka Bibi Orsola na mlango wa sakristia.

Liborio akaninong'oneza, "Burgio, ukitoka hapo hurudi."

"Najua."

"Miaka mia mbili na kumi, mpumbavu wewe."

Nikaachia mti. Ni hatua ishirini kutoka kwa Mwana mpaka kwa Mama, na hakuna mwanaume wa Vito aliyewahi kuzitembea. Nilipofika sikuwa na kisu, na mkono mmoja hauwezi kukata uzi, kwa hiyo, wabebaji wenu wakiwa wameshusha machela, niliinama nikalikata fundo kwa meno, pale begani kwa Bikira, mbele ya parokia mbili. Joho likaanguka juu ya kichwa changu. Hicho ndicho nilichokiona kwa muda, weusi mtupu wenye harufu ya kafuri na sabuni yako. Nilipolitoa kichwani Kanoni Spitaleri alikuwa amefungua mdomo hana neno, jambo ambalo mji umelingoja tangu apate upadri. Kisha bibi mmoja wa upande wenu akaanza kulia, na wengine wakaona wasipitwe.

Machela yaliporudi juu, Liborio alikuwa kwenye nafasi ya tatu. Aliibeba vizuri. Alilia njia nzima, na alikuwa anamtukana kila aliyemtazama.

Sikuja kwa ajili ya Baba, dada, wala kwa ajili ya mti. Niandikie unaona kiasi gani. Usinidanganye.

Mdogo wako,
Gesualdo


Montesparto, 18 Mei 1958

Mdogo wangu Gesualdo,

Barua hii naiandika mwenyewe, mistari minne kwa ukurasa, nimeweka kipande cha boksi chini ya kila mstari ili nisirudi mezani. Usihesabu karatasi. Barua yako nilisomewa na mke wa Liborio, ambaye anasoma kama anayekata mifupa, na alipofika penye mumewe kulia aliniomba aparudie mara mbili.

Mimi ni mzima isipokuwa macho. Naona mwanga wa dirisha, naona kama mtu amepita, simjui nani. Ilianza mwaka juzi. Sikukwambia kwa kuwa ungenihurumia, na huruma kutoka Torino inafika imeharibika.

Habari za mji ni hizi. Umewaunganisha, hongera. Watu wa Vito wamefuta jina lako kwenye kitabu kwa kuwa umeachia mti, na watu wa Annunziata wamekuandikia mashtaka kwa askofu kwa kuwa umemuuma Bikira. Wewe ndiye mtu wa kwanza wa Montesparto asiye na kanisa tangu Waarabu waondoke. Ngano imesimama vizuri sana mwaka huu, jambo linalowaudhi wengi.

Nafasi yetu imekwenda, na nakwambia ukweli, niliililia. Nililia bila wewe kuniona. Baba angekulaani. Mimi ningemjibu kwa niaba yako, kwa kuwa nimemkanda miaka mingi na nina haki ya kumjibu.

Kanoni alikuja na mke wa daktari, wakakaa kwenye viti vyangu. Kanoni akasema, "Agrippina, mwanangu, sasa upumzike. Binti wa huyu mama atamvika." Nikamwambia mikono yangu inazijua bandi thelathini na tatu hata gizani. Kilichonishinda ni kutunga uzi na kuona samawati iko wapi, na kwa hayo mawili ninaye mtu. Akauliza nani. Nikamtaja. Akasimama. "Mwanaume hawezi kumvika Bikira, haijatokea tangu tetemeko." Nikamwambia, Padri, mwanaume huyo ameshamwingiza meno begani mbele ya watu elfu tatu, kumtungia dada yake uzi ni jambo dogo. Mke wa daktari alikunywa kahawa yake yote kwa mkupuo mmoja.

Sindano nitaichomeka kwenye mto, mkono wako wa kushoto utatosha. Utanishikia gauni pembeni. Wewe utaleta macho, mikono nitaleta mimi, na tukikwamisha wataturushia nyuzi wote wawili.

Ulimjibu nini Mfriuli wako alipouliza nani alitangulia? Mwambie hivi. Wewe ulijibanza kwenye kona yako na bega lako, mimi kwenye yangu na macho yangu, kila mmoja akimtukana mwenzake na kungoja atokeze kwanza, miezi sita, kama wapumbavu, ndivyo tulivyozaliwa. Safari hii sitaki kungoja. Nimetangulia uwanjani, nimesimama peke yangu, wanione.

Nakuomba urudi nyumbani.

Agrippina